Chuma cha Kengele

Kijijini kwetu Mufindi, kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkaratusi, na mlio wake ulipanda na ukungu hadi kwenye mashamba ya viazi. Ikigongwa harakaharaka, ni ibada. Ikigongwa moja moja, pigo likaachwa lipotee kabisa ndipo lije jingine, ni msiba. Hapo kina mama walinyoosha migongo, wakaweka majembe begani na kurudi nyumbani, maana siku ya msiba kwetu hakuna anayelima. Mgongaji alikuwa Babu Yona, mzee wa kanisa. Alitumia kipande cha chuma cha trekta bovu, na akimaliza alikiacha juu ya jiwe chini ya mti, kwa sababu nani angeiba kitu kama kile? Aliyekiiba ni mimi, nikiwa na miaka tisa.

Ulikuwa msimu wa kupanda viazi. Ijumaa moja mama, mwenye mimba ya miezi minane, alianguka jikoni akakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Baba alimpakia kwenye lori la mbao lililokuwa likienda Mafinga, akakaa naye mbele akimshika kichwa, mimi nikaachwa kwa Bibi, mzaa mama. Mwenye simu kijijini alikuwa mwinjilisti peke yake, na ili apate mtandao ilimbidi apande kilimani nyuma ya shule. Jumamosi alasiri alishuka akatuambia kwamba hali ya mama ni mbaya, tuzidi kuomba. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesikia rimu ikigongwa moja moja, na siku hiyohiyo nikaambiwa rafiki yangu wa darasani hana mama tena. Kwa akili zangu, kengele ndiyo iliyomchukua. Basi nilikwenda kwenye lile jiwe, nikakichukua kile chuma na kukifukia chini ya viazi vya mbegu stoo kwa Bibi. Nilijiona nimemwokoa mama.

Jumapili asubuhi Babu Yona aliuzunguka mti wake akipekua nyasi kwa fimbo. Watu walikuja kwa kubahatisha, wengine wakiuliza kama ibada imeahirishwa. Bibi alivitazama viganja vyangu, vilivyokuwa bado na wekundu wa kutu, akanivuta nyuma ya kanisa. Sikuweza kumdanganya Bibi. Nikamwambia sitaki wamgongee mama.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Yule ni mwanangu, nimemzaa. Lakini yuko mikononi mwa Mungu tangu Ijumaa, chuma kiwepo kisiwepo. Nenda kakilete."

Nilikimbia nikilia, nikakileta. Babu Yona alikipokea, akagonga harakaharaka. Mlio haujaisha tukamwona mwinjilisti akishuka kilimani, suruali imelowa umande hadi magotini, hamtazami mtu. Alikuja moja kwa moja kwa Bibi. Bibi akainua kiganja kabla yule mtu hajafungua mdomo, akamsalimia kwa kilugha chetu.

"Kamwene, mwinjilisti. Usiniambie bado. Utasema wakati wa matangazo."

"Mama, ni habari za..."

"Najua ni za nani. Nikishazisikia, nitaimba kwa kuwa nimepewa, au nitanyamaza kwa kuwa nimenyimwa. Niache nimwimbie Mungu kabla sijajua."

Nilimchukia Bibi asubuhi ile, nasema kweli. Kwetu matangazo husomwa mwisho kabisa, baada ya mahubiri na sadaka, na mwinjilisti hakuwa mtu wa kufupisha. Nilimkodolea macho aliposoma Neno, nikihesabu kila alivyomeza mate, nikitafuta mama yangu katika uso wake na nisimwone. Bibi aliniwekea mkono gotini. Aliimba kila wimbo hadi ubeti wa mwisho. Sijui ulikuwa wimbo wa ngapi nilipoacha kumtazama mwinjilisti. Hofu ilikuwapo bado, ila haikuwa imenikaba tena, na nikajikuta nami naimba. Sijawahi kuelezea vizuri jambo lile, hata kwa mume wangu.

Matangazo yakafika. Mwinjilisti alisema mama amefumbua macho alfajiri na ameomba uji. Kisha akasema mtoto, wa kiume, hakupona. Bibi akasema, "Asante, Bwana," halafu akajifunika kanga usoni akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Babu Yona alitoka nje, nikamfuata. Nilikiokota kile chuma juu ya jiwe mimi mwenyewe, nikampa mkononi, akamgongea mdogo wangu pigo moja moja. Kesho yake hakuna aliyelima.

Sasa naishi Mbeya. Kanisa la mtaani kwetu lina spika, na habari za hospitalini hunifikia mfukoni hata kabla sijapiga magoti. Juzi mama alifanyiwa upasuaji Iringa mjini, na mdogo wangu aliyezaliwa baadaye akaahidi kunipigia simu mara daktari akitoka chumba cha upasuaji. Mchana ule niliizungushia simu kanga nikaizika kwenye ndoo ya mchele, nikafunika. Nilikuwa nimeshaushika mfuniko kwa mikono miwili ndipo nikaona ninachofanya, mtu mzima mwenye watoto. Nikaitoa. Kina mama wa jumuiya walipokuja kuniombea, nikaiweka mezani, sauti juu, nikawaomba tuimbe kwanza. Ikaanza kuita tukiwa ubeti wa pili. Wote wakanitazama. Bibi aliweza kungoja ibada nzima. Mimi niliweza kumaliza ubeti, ndipo nikanyoosha mkono.