Maji ya Ziwa mu Batri ya Mama

Hapana, musiniambie muuzaji njo alitudanganya. Hata dada yangu anasema vile. Muuzaji alituambia kweli yote, mi njo sikutaka kusikia!

Mama yangu anasharje batelefone ya bantu hapa Baraka, na plaki moja ya jua juu ya nyumba. Ile kazi njo inamulipia mudogo wangu masomo. Batri ya zamani ilikufa, tukaenda dukani, muuzaji akatuonyesha mbili: moja ya litium, moja ya asidi.

Ile ya litium, kwa bei yake ungebeba tatu za asidi. Lakini akasema inaweza kufika miaka kumi, na haiombe kitu. Ya asidi labda miaka mbili, tena kama unaichunga: usimalize umeme yake yote, na maji ikipunguka utie maji ya batri, ile ya mu chupa. Si maji ingine.

Mama alitaka kungoja. Iko mu likelemba na bamama wa soko: kila juma kila mumoja anatoa kidogo, zamu ikifika unabeba yote. Alisema zamu mbili zitatosha kwa litium.

Mi na haraka yangu! Nikamuambia, "Mama, batri ni batri. Tutangoja mpaka bantu bote bakimbie?"

Mi nilisoma secondaire, yeye hapana. Akaniamini. Akamuomba Mama Riziki, mwenzake wa likelemba, amuachie zamu yake, tukanunua ya asidi.

Maji ikapunguka. Chupa zilikuwa zimekwisha hapa, mama akanipa franka nitume Uvira, bainunue kule. Ile franka nikanunua mega za internet ya telefone. Nikachota maji ya ziwa na kopo, nikachuja na kitambaa, nikatia. Nikawaza: hii tunakunywa tangu kuzaliwa, batri njo itaikataa?

Iliikataa. Mwaka haukuisha, na sasa haibebe hata taa ya kulia chakula.

Batelefone zote zilihamia kwa jirani. Mama angali anatoa franka za likelemba juu ya kitu yenye ilikufa. Mama Riziki akipita anamuuliza polepole, "Dada, zamu yangu ingali inawaka?" Mama anacheka. Ile kicheko inanichoma!

Na unajua mi nilimuambia nini mama? Ya kama batri ilitoka dukani mbovu. Akaniamini tena! Kesho anaenda na bamama bote kumuaibisha muuzaji mbele ya soko.

Nyinyi benye munasoma, musiangalie bei ya leo tu, muangalie na miaka. Kama hauna roho ya kuchunga, ngoja litium. Na uongo wa kwanza usiufunike na wa pili, mi niko ndani yake na sipumue.

Kesho asubuhi, mbele mama afunge kitenge yake ya kutoka, nitaweka ile kopo mbele yake. Nitamuambia, "Mama, usiende. Ni mi." Kisha nitaenda sokoni mi peke yangu, nimukute Mama Riziki, nimuambie na yeye ni mi niliua zamu yake.