Wasio na Ujuzi

Tulipokuwa tukikaa mtaa wa Malindi, mjini, kaka yangu na mimi tulipenda mchezo mmoja wa kompyuta. Watu wafupi wenye ndevu walichimba mji ndani ya mlima, na kila msimu walikuja wahamiaji wapya. Wengine walikuwa wahunzi na waashi. Wengine hawakujua kazi yoyote.

Mama alikuwa akichagua mchele nyuma yetu. Siku moja akauliza, "Wale waliosimama tu wanangoja nini?"

"Hawana ujuzi, mama," kaka akasema. "Nnawapeleka vitani."

"Usiwapeleke. Mimi nilipotoka Makunduchi kuja mjini nilijua kusuka ukili wa mikeka tu. Wape mizigo wabebe."

Tukawapa kazi ya kubeba mawe. Mmoja wao, mwenye ndevu nyekundu, mama akampenda, akawa kila akipita anamuulizia. Alasiri moja maadui walivamia, wakamkuta nje ya lango na jiwe lake, wakamuua. Mama akaacha mchele. "Inna lillahi," akasema taratibu. Tulicheka, kisha tukamwona uso. Kaka akamchimbia yule mwenye ndevu nyekundu kaburi katika ukumbi wa wakubwa.

Sasa kaka anafanya kazi hotelini Paje. Juzi nilipakua tena mchezo ule, nikampigia simu kumwambia kwamba wahamiaji wameshafika.

"Mwite mama," akasema.

Nikamwita. Akaitika naam, akaja na miwani yake, akavuta kiti karibu na skrini. Akawatazama wahamiaji.

"Washakula hawa?" akauliza.