Siku Gitaa Langu Lilipomsema Papa Kambale

Mimi niliaibika mbele ya watu waliovaa vizuri, na hiyo ndiyo aibu isiyokwisha, maana mtu akivaa vizuri anaikumbuka siku yenyewe na kila kilichotokea ndani yake. Mpaka leo kuna mama mmoja anauza makemba pale sokoni, akiniona tu anainamia ndizi zake na kuzinong'oneza, na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Bon, afadhali niwaeleze mimi mwenyewe kuliko mwelezwe na yeye.

Ilikuwa Kisangani, miaka ya vita. Mto ulikuwa umefungwa, boti za Kinshasa hazipandi tena, mali yote ilitoka mashariki kwa ndege, na majeshi mawili ya wageni yalikuwa yamekwisha kupigana katikati ya mji wetu kama vile sisi wenyewe hatumo ndani. Mimi nilikuwa mpiga gitaa la solo katika orchestre, bendi ndogo ya mtaa wa Mangobo, na kazi tulikuwa nayo, msishangae, kwa sababu watu waliendelea kuoana na watu waliendelea kufa, na pande zote mbili zilihitaji muziki (ila mchana tu, kwa ajili ya couvre-feu, amri ya kutotoka usiku, mnacheza jua likiwachoma kisogo).

Shida yangu ilikuwa mikro ya nyuma. Gitaa la umeme lina vidude vyenye sumaku na uzi mwembamba wa shaba, vinakaa chini ya nyuzi na kuchukua sauti kuipeleka kwenye ampli, mashine ya kuikuza, na sisi tunaviita mikro. Cha mbele kina sauti nene, cha nyuma, kile kilicho karibu na chevalet pale nyuzi zinapofungwa, kina sauti kali, na ndicho mpiga solo anachokitegemea. Changu kilikuwa kikali kupita kiasi. Zamani ilikuwa sifa. Lakini baada ya mabomu tulikwenda kupiga kwenye matanga moja, nikapanda juu na solo yangu, gitaa likalia fiiiuuu, na wamama wa mstari wa mbele wakalala chini kifudifudi, sahani na kila kitu. Mmoja akainuka, akajipangusa vumbi taratibu, akaja mpaka nilipokuwa.

"Mutoto yangu," akasema, "ile kitu yako inalia sawa bombe. Itafutie sauti ingine."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake nilikwenda kutafuta mikro yenye sauti ya moto, sauti ya kumkumbatia mtu.

Muuza vipuri vya redio sokoni alikuwa nazo mbili. Moja mpya, bado ndani ya plastiki yake, inang'aa. Nyingine kuukuu, imetolewa kwenye gitaa lililovunjika shingo. Akaniruhusu kuzijaribu zote. Ile mpya ilikuwa na nguvu, lakini ilisikika kama kijiko kwenye kikombe. Ile kuukuu ilikuwa na koo la mtu aliyetoka kula fufu ya moto, ila kama imeziba kidogo, kama anayeimba na leso mdomoni. Nikaichukua hiyo kuukuu, na mpaka hapo, wapenzi, nilikuwa sijakosea kitu.

Nilikosea nyumbani. Niliifungua kifuniko nikaona ndani imejaa nta, nta imeingia mpaka kati ya uzi na uzi, nikasema ahaa, huu ndio uchafu ulioiziba. (Sikujiuliza nta iliingiaje ndani ya kitu kilichofungwa. Mtu mwenye haraka hajiulizi.) Nikaiweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, siyo karibu sana, nta ikayeyuka, ikadondoka, nikaipangusa na kitambaa mpaka ikakauka kabisa. Niliporudisha mikro kwenye gitaa na kuijaribu kwa sauti ndogo, kwa kuwa nyumbani nilikuwa na kiredio tu cha kuipitishia, nilikaribia kulia. Ilikuwa tamu. Ilikuwa sauti ya kumfariji mfiwa.

Jumamosi ile tulikuwa na ndoa ya Masika, binti mkubwa wa Papa Kambale. Huyu Papa Kambale ni Mnande wa Butembo kule mashariki, muuza vitambaa na sabuni kwa jumla, mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele, mtu mkubwa kwelikweli. Na mimi (hapa mnisikilize vizuri) nilikuwa nikionana kimyakimya na binti yake wa pili, Katungu. Papa hakujua. Kwetu sisi ni watu wa mto, wavuvi wa Yanonge, na sikujua ningeanzia wapi kumwambia mtu wa namna hiyo.

Uwanja wa parokia ulijaa. Bafle mbili za kukodi, spika kubwa kuliko frigo, na kijana wa sonorisation kwenye meza yake ya vifungo vya sauti. Tulipowasha, gitaa langu likapiga mluzi kidogo. Nikageuka upande, likanyamaza, nikasahau. Tukapiga nyimbo mbili, watu wakacheza, sauti inateremka kama mafuta ya mawese. Kisha Papa Kambale akachukua mikro ya hotuba, nasi tukaambiwa tupige polepole chini ya maneno yake, halafu akimaliza tu tulipuke. Donc sikupunguza sauti ya gitaa.

Hotuba ikawa ndefu. Akatoka kwa babu yake, akapita kwa babu ya mkewe. Uzi mmoja ukanilegea, nikaacha kupiga, nikaliegemeza gitaa gotini, nikainama mpaka sikio langu likakaribia nyuzi ili niukaze bila kusumbua watu. Bosco, mpiga besi wetu, alikuwa kiti cha pembeni, naye akainama.

"Mbona unamuangalia sana ule muzee?"

"Ule?" nikamnong'oneza, mdomo juu ya nyuzi. "Ule iko bokilo yangu, baba mukwe. Hajue bado. Angalia vile anashika mikro, sawa mutu anashika mukia ya samaki ngolo, anaogopa itaponyoka."

"Bokilo yako ya wapi?"

"Ya Katungu. Akinikatala, minabeba mutoto yake na pirogue, tupige kasia mpaka kwa bibi yangu Yanonge. Ataona mujukuu tu."

Nilisikia sauti nzuri sana ikisema *mujukuu tu*. Nene, ya moto, imetoka kushoto na kulia kwa pamoja. Nikainua kichwa. Uwanja mzima ulikuwa umetugeukia, na Papa Kambale alikuwa ameikatiza hotuba.

Nikainama tena, mjinga mimi. "Bosco, batu banatuangalia sababu gani?"

BATU BANATUANGALIA SABABU GANI, zikasema bafle.

"Sauti yako iko inatoka kule," Bosco akasema, na sauti yake pia ikatoka kule.

"Acha bongo, unadanganya!" (Nalo likatoka.)

Hapo akili yangu ikanipa maelezo ya haraka: mikro ya Papa Kambale ina nguvu kupita kiasi, inatudaka sisi mpaka huku. Nikampungia mkono kijana wa meza na kupaza sauti: "Zima mikro ya muzee! Zima!" Amri ilitoka kwenye bafle zake mwenyewe, naye akatii. Sasa Papa Kambale anasogeza mdomo na hakuna kinachosikika, baba wa bibi harusi, katika hotuba yake, na mtu pekee mwenye sauti uwanja mzima ni mimi. Nikataka kusimama nikimbie, kamba ya ampli ikanizunguka mguu, nikarudi kitini kwa kishindo, na pumzi yangu tu, hah, hah, hah, ikawapulizia wageni wote, wakaangua kicheko.

Papa Kambale akaja. Alitembea bila haraka. Akaniangalia, akaliangalia gitaa, akaligonga na kucha, bafle zikasema ko. Mtu wa biashara anaelewa mambo upesi. Akainama juu ya gitaa langu, mimi nimelishika kama mtoto anayechanjwa, akaongea ndani yake.

"Kijana. Mambo ya ngolo, nimekusamehe. Lakini pirogue? Batu bangapi ba hapa bameshuka na pirogue hii miaka, na mpaka leo hatujue bamefika wapi? Na mutoto yangu ndiyo ulitaka kumuweka pale?"

Hakuna aliyecheka tena. Niliona mama mmoja ameinamisha kichwa, na yule wa karibu naye amemshika mkono. Nilikuwa nimesema maneno ya kuchezea juu ya njia ya mto iliyokuwa imewameza watu wao waliokimbia vita.

Kisha Katungu akasimama kwenye meza ya familia, na gauni lake la sherehe, na yeye hakuhitaji mikro yoyote.

"Mimi sikuambiwa habari ya pirogue," akasema. "Na sikuulizwa."

Papa Kambale akainama tena. "Umesikia. Ukitaka mutu kwangu, tuma bazee bako bapite kwa mulango. Sasa piga muziki, batu bamekuja kucheza." Akarudi mahali pake, akamwashiria kijana amfungulie mikro, akaendelea na babu ya mkewe pale alipokuwa amekatiza.

Tulipiga mpaka saa ya couvre-feu. Nilipiga vizuri, naweza kusema hivyo, kwa kuwa sikuthubutu kumtazama mtu yeyote isipokuwa vidole vyangu.

Kesho yake, baada ya misa, niliyeyusha mshumaa na kuurudisha ndani ya mikro, maana nilikuwa nimeelewa peke yangu bila mwalimu: nta ile ndiyo ilishika uzi wa shaba usitikisike kwa kila neno la mtu na kulipeleka kwenye bafle. Sauti ikapungua utamu kidogo. Nikaikubali hivyo. Tonton yangu Augustin, mzee wa ukoo wetu, alinitukana kwa Kilokele na kwa Lingala, halafu akavaa koti lake akaenda kwa Papa Kambale kuongea kwa niaba yetu, akapita kwa mlango. Katungu alinijibu salamu mbele ya watu tu, mpaka nikajifunza kumuuliza yeye kwanza. Tulioana boti zilipoanza tena kupanda kutoka Kinshasa, na Papa alituwekea sharti moja: magitaa yote yabaki ndani ya mifuko mpaka hotuba ziishe.

Tangu hapo nimejiwekea sheria. Nikitaka kusema kitu juu ya mtu, naliweka gitaa chini, nazima ampli, natoka nje, natembea mpaka barabarani ndipo niseme. Na mara nyingi nikifika barabarani naona kwamba jambo lenyewe halikuhitaji kusemwa, narudi ndani naendelea kupiga.