Kipande cha katoni kilichomzuia mwanafunzi wangu kuja shule

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa staffroom, chai mkononi, na sitaongeza chumvi. Haya yamenipata mwenyewe term hii.

Nafundisha Grade 5 upande wa Bahati. Watoto wangu wengi wanaishi kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mzungu, na babu za babu zao walifanya kazi hapo hapo.

Tulipofika mada ya ukoloni, nilijua kusoma kitabu kwa sauti kutawalaza. So nikaamua tuchore na tuandike.

Kila mtoto akatengeneza kipande cha katoni, mfano wa ile pass ya kikoloni iliyoitwa kipande, ambayo mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni, yenye jina lake, alama za vidole, jina la bwana wake na mahali pa sahihi ya bwana huyo. Vidole tulichovya kwa wino wa stempu ya ofisi. Headteacher alinuna, lakini hiyo tuiache.

Bwana nikawa mimi.

Sheria ilikuwa moja. Kila jioni naweka sahihi. Bila sahihi, kesho huingii darasani.

Sasa ukweli niliowaahidi: wiki hiyo homework ilifanywa yote na kelele ikaisha. Nikanogewa. Mwenye daftari chafu nilimnyima sahihi, ingawa asubuhi alikuja akicheka na nikamwacha aingie.

Jumatano nikamnyima Nyambura, msichana mkimya anayelelewa na shosho, yaani bibi yake. Hakuwa amemaliza insha ya mada hiyo.

Alhamisi hakuja. Ijumaa pia. Nikadhani ni homa.

Jumatatu shosho akafika na gumboot za matope. Nilimpa kiti, akakataa. Akaweka kile kipande mezani.

"Mwalimu, weka sahihi mtoto arudi shule."

Nikamwambia ulikuwa mchezo tu. Akanieleza kwamba baba yake yeye shosho alinyimwa sahihi ya kipande na bwana wake, na bila hiyo hakuna shamba lingine lililomwandika kazi. Nyambura alikuwa amemuuliza habari hizo kwa ajili ya insha. Ndiyo maana ilichelewa, na ndiyo maana mtoto aliniamini.

Insha yenyewe alikuja nayo, imekamilika, pamoja na mchoro. Wafanyakazi wako foleni, bwana ameketi na kalamu nyekundu. Amevaa miwani na sweta ya maroon.

Sweta hiyo nimeivaa hata sasa.

Niliona aibu, wakuu. Nilifuatana na shosho hadi kwake, tukamkuta Nyambura anapukuchua mahindi. Nikamwomba msamaha mbele ya shosho yake.

"Umeweka sahihi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna sahihi tena. Hakusonga.

Mwishowe nikamwekea kile kipande chake mbele na kumpa kalamu yangu nyekundu. Akaandika majina yake yote matatu, polepole, mahali palipokuwa pa sahihi yangu. Kisha akaingia ndani kuvaa uniform.

Vipande vingine tulikata kamba siku hiyo hiyo. Mchoro uko ukutani, nyuma ya darasa, naangaliana nao kila nikifundisha.

Nilichojifunza ni kwamba kwa familia hizi jambo hili bado halijazeeka, na kwamba mimi nilihitaji siku tatu tu kuuzoea ubwana. Hiyo ya pili ndiyo inanisumbua.

Walimu na wazazi mlio humu, nyinyi mnawafundishaje watoto mambo haya? Na kama Nyambura angekuwa wako, ungeniambia nini? Semeni tu, nitasoma zote.