Video ya Nyimbo Isiyo na Shikamoo

Hebu mwone Severina, mama yake Dickson, akiingia kanisani Newala mchana wa Jumamosi, kompyuta aliyoinunua imekwishatumika ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Keshokutwa anahamia Masasi kumwuguza mama yake, na hapa hakuna mwingine anayejua kupeleka maneno ya nyimbo ukutani wakati wa ibada. Basi amerekodi video: kioo cha kompyuta kinaonekana, mshale unatembea, na sauti yake inaelekeza, "Chagua wimbo. Bonyeza hapa."

Mwanafunzi wa kwanza ni Baba Anjelina, mzee aliyepanga namba za nyimbo ubaoni miaka thelathini. Alitazama nusu dakika, akakunja mikono.

"Mbona unaniamrisha bila kuniamkia?"

"Si nimeanza na Tumsifu Yesu Kristo, Baba Anjelina?"

"Hiyo ni ya Yesu. Yangu iko wapi?"

Severina alicheka mpaka akakaa chini. Akarekodi upya, akaanza na shikamoo, akanyamaza kidogo. Mzee akaijibu kompyuta, "Marahaba, mwanangu," kisha akafuata kila hatua mpaka beti zikawaka ukutani.

Ikaja zamu ya Rose wa kwaya ya vijana. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama Dickson, jamani! Mkubwa wangu ananiamkia! Niitikie au nikimbie?"

Severina amebaki na kompyuta mapajani. Video ni moja, na akishaondoka itawafundisha hata wasiojulikana bado, wakubwa kwa wadogo. Wewe ungewasalimuje?