Esteri na Akina Bukuru wa Kitahana

"Hao watu thelathini na mmoja waliokutaja, wanakujua?" Mwamvua alimuuliza Esteri dukani kwake, Kibondo mjini, huku akimpimia sukari.

"Hata mmoja hanijui."

"Yarabi! Mimi mume wangu ananijua miaka ishirini, na kunitaja ni mpaka njaa imshike."

Ilikuwa mwaka 1997. Esteri Akimana alikuwa mpimaji wa damu katika zahanati moja ya Kitahana, wilayani Kibondo, mwanamke wa sala na wa maneno machache. Miaka minne alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akichunguza homa ya papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kumuuma mtu usingizini. Homa yao huondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Aliyoyaona aliyaandika daftarini, na mwaka 1993 yakatoka katika jarida la madaktari huko ng'ambo, jina lake likiwa la kwanza. Sasa rafiki yake wa maktaba ya chuo, Dar es Salaam, alikuwa amemtumia orodha: makala thelathini na moja, za India, za Senegali, za nchi ambazo Esteri mwenyewe asingeweza kuzionyesha kwenye ramani, na zote zimemtaja yeye kuwa shahidi, kila moja na sentensi iliyomtaja.

Tumezoea kanisani mtu kusimama akashuhudia, na wanaomsikiliza wanamjua yeye mpaka kuku wake. Lakini neno la mwanamke wa Kitahana kuvuka bahari bila miguu, wasomi wasiomjua wakasimama juu yake!

Pamoja na orodha zilikuja nakala tano. Esteri alizisoma asubuhi, kabla foleni ya wagonjwa haijawa ndefu. Ya tatu ilimsimamisha. Ilisema kwamba huko Kibondo, kwa ushahidi wa Akimana, mtoto mmoja alirudiwa na homa mara tisa. Kwa hiyo watoto wapewe dawa maradufu.

Mara tisa? Mtoto gani huyo?

Akafungua sanduku la madaftari. Bukuru wa Ndayiragije. Bukuru wa Mpawenimana. Bukuru wa Uwimana. Kwetu Buha pacha hawatafutiwi jina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, iwe nyumba ya mwenye ng'ombe au ya mkimbizi. Nyumba tisa, watoto tisa, kila mmoja na homa yake moja. Mpiga chapa wa mjini, aliyemchapia makala kabla haijatumwa ng'ambo, alikuwa ameacha majina ya baba ili jedwali la wagonjwa lienee kwenye ukurasa, na waliokuja kulisoma wakaona Bukuru mmoja tu, anaugua kila leo. Esteri alikuwa amehakiki kila sentensi. Jedwali alilipita, akaliamini kwa kuwa lilitoka mashineni.

Kipriani, mganga wa zahanati, alicheka mpaka akafuta machozi. "Dada Esteri, nyamaza! Nani atatoka Ulaya aje kuhesabu pacha Kitahana?"

"Kuna watoto huko wanamezeshwa dawa kwa ajili ya Bukuru asiyekuwepo."

"Na ukisahihisha? Katika hao thelathini na mmoja, kumi na tisa wamekutaja kwa huyo Bukuru. Watakufuta. Utabaki na kumi na wawili."

"Bwana alianza na kumi na wawili."

"Na mmoja wao akamuuza!"

Esteri alicheka pia, lakini kesho yake alishika njia. Wiki mbili alitembea, akawatafuta akina Bukuru wote ili asiandike kosa juu ya kosa. Wanane aliwapata humo humo Kibondo. Wa tisa wazazi wake walikuwa wamehamia Nyakitonto, Kasulu. Akapanda lori la maharage, akamkuta kijana mrefu, mzima, anapalilia muhogo. Alimuuliza homa ilimshika mara ngapi. "Ile moja tu, mama."

Akarudi akaandika kwa wenye jarida. Hakumtaja mpiga chapa. Barua ile, kwa lugha yetu, ilimalizika hivi:

"Naomba mchapishe kwamba kosa ni langu, Akimana. Mtoto aliyerudiwa na homa mara tisa hayupo. Ni watoto tisa, na majina ya baba zao nimeyaambatanisha. Naomba pia muwaandikie wote kumi na tisa walioniamini, tena mapema, kabla mtoto mwingine hajapewa dawa ya ziada."