Niliposema Sijambo Nyumbani kwa Ama

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka mwili unanisisimka, hata nikiwa nimekaa jikoni kwangu hapa Sumbawanga nachambua maharage. Ni siku niliyokaribia kufa kwa sababu ya adabu. Sikuporomoka gengeni, sikuvamiwa na mnyama, wala sikulala njaa. Ilikuwa adabu tu.

Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka kumi na miwili. Mama yako ni dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na haki hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Wiki ijayo unaanza kazi niliyokufundisha, ya kuwaongoza wageni kwa miguu kutoka huku juu kushuka mpaka Muze bondeni, mkilala kwenye nyumba za watu. Njia unaijua. Lakini hili sikuwahi kukusimulia, kwa sababu nilikuwa naona haya.

Unanijua nilivyo. Kazi hii sikuisomea chuo chochote. Kiingereza nilijifunza kwa redio na vitabu vya kuazima, na mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi na hofu kwamba siku moja wenye vyeti watamkuta amekosea. Kwa hiyo nakagua kila kitu mara tatu. Hata haya unayoyasoma nimeyaandika upya mara nne, na bado naona aya ya pili imekaa vibaya.

Basi waongoza wageni wa Nepali walipotualika wenzao wa nchi nyingine tukakae nao mwezi mmoja, tuone familia za milimani zinavyopokea wageni, na jina langu likapita, nilishtuka kuliko kufurahi. Nilinunua daftari. Nikaandika kila nilichokipata kuhusu nyumba za Wabudha wa kule. Ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, upite ukiwa mkono wako wa kulia. Usitupe taka kwenye moto wa jikoni, kwa sababu moto ule una heshima yake. Usiwanyooshee watu nyayo ukikaa. Nilikuwa na kurasa kumi na moja za makosa ambayo sitayafanya.

Aliyenipokea ni Dolma, msichana wa rika langu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye likizo zake anaongoza wageni. Tulipanda siku mbili, tukilala kwenye nyumba za jamaa zake. Siku ya tatu asubuhi aliniambia tupumzike pale pale siku nzima, mwili uzoee hewa nyepesi ya huko juu.

"Mimi ni mtu wa juu," nilimwambia. "Ufipa ni juu. Baridi nimezaliwa nayo."

Alinitazama kidogo. "Huko kwenu juu, kuna barafu?"

"Kuna umande unaouma kama barafu."

Alicheka, na mimi nikacheka, tukaendelea kupanda. Hilo ni kosa la kwanza, na halikuwemo daftarini.

Jioni tulifika kijiji cha mwisho, nyumbani kwa mama yake, ambaye kila mtu anamwita Ama, yaani mama. Ni mzee mfupi, mwenye mashavu yaliyoungua kwa jua na upepo. Nyumba ni ya mawe, chini wanalala ng'ombe wao wenye manyoya marefu, juu ni chumba kimoja kikubwa chenye moto katikati na masufuria ya shaba yaliyopangwa ukutani yakimetameta. Pembeni kuna altare ndogo yenye vibakuli saba vya maji. Nilipiga magoti, nikasema "Shikamoo," ikanitoka yenyewe. Dolma alipomweleza maana yake, na jinsi ya kuitikia, Ama alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu hapo kila akinipita ananiambia, "Marahaba!" hata sijamsalimu.

Kisha akaniletea kinywaji. Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Chombo cha mbao kimejaa ulezi uliochachushwa, juu yake yamemiminwa maji ya moto, na ndani umechomekwa mrija. Kimpumu! Pombe ile ile ya ulezi ya bibi yako, upande mwingine wa dunia, mikononi mwa mzee ambaye Ufipa hajawahi hata kuisikia. Machozi yalinilenga.

Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuniuma. Kilianza kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, baadaye kikawa kama kinagongwa kwa ndani. Tumbo lilikuwa limechafuka. Nikanywa. Ama akaongeza maji ya moto, nikanywa tena. Zikaja viazi, ikaja chai yao ya chumvi na siagi, ambayo kila ukipunguza kidogo kikombe kinajazwa. Nilimaliza vyote.

"Unajisikiaje?" Dolma aliniuliza.

"Sijambo kabisa."

Wewe umezaliwa Ufipa, unaweza kuwa umeshajua kwa nini nilisema hivyo. Lakini yupo niliyemponza, na ni lazima nikuambie.

Nilipokuwa na miaka tisa, jirani yetu Mama Oliva alinipa makande kwake. Jioni tumbo likaniuma, bibi yako akaniuliza, "Umekula wapi leo?" Nikasema, "Kwa Mama Oliva." Nilisema maneno hayo matatu tu. Bibi yako hakuyatilia maanani, lakini mama mmoja aliyekuwa jikoni alisikia, na unajua jinsi habari zinavyotembea huku kwetu, ambako watu wa mikoa mingine wanatutania kwa uchawi nasi tunacheka, kisha tukirudi nyumbani tunaangaliana. Baada ya wiki mbili jumuiya ya kanisa haikwenda tena kusali kwa Mama Oliva. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Tumbo langu lilikuwa na minyoo, zahanati walisema hivyo, lakini nani alikwenda kuwatangazia watu minyoo? Mama Oliva alihamia Kaoze akafia huko, na radhi sikupata kumwomba.

Tangu siku ile niliapa kwamba sitaumwa kwenye nyumba ya mtu. Nikiumwa, nitaumwa njiani. Kwa hiyo kwa Ama nilitabasamu, nikatoka nje kama anayekwenda kutazama milima, nikatapika nyuma ya ukuta wa zizi, nikafukia kwa theluji, nikarudi nikaomba chai tena.

Niliendelea hivyo siku nzima ya pili, nikimsifia Ama mapishi, naye akinitania kupitia kwa Dolma. "Anauliza kama kwenu umeolewa. Anasema unakula kama bi harusi anayeogopa mama mkwe."

"Mwambie chakula ni kitamu."

"Nimeshamwambia mara sita. Ameanza kukutilia shaka."

Asubuhi ya tatu tulitoka kwenda kuteka maji. Vidole havikuweza kufunga kamba za viatu, nikazisokomeza tu pembeni. Ardhi ilikuwa inapanda na kushuka. Nakumbuka ukuta wa mawe ya sala mbele yetu, na nakumbuka nikiupita. Mara nikasikia ndoo ikianguka nyuma yangu.

Ama alikuwa ameitupa. Alinijia mbio, akanishika mashavu kwa viganja vyake viwili, akanifungua jicho kwa kidole gumba, akapiga kelele kumwita Dolma.

"Nimefanya nini?" niliuliza. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

"Umepita ukuta upande usio wake," Dolma alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Ama anasema mgeni huyu hajakosea hata mara moja tangu afike. Akikosea leo, basi kichwani hayumo. Tembea hapa, kwenye mstari huu. Nyooka!"

Nilijaribu. Nikaanguka kwa hatua ya pili.

Sikuulizwa tena kama sijambo. Farasi wa jirani aliletwa, nikafungwa juu yake kwa kamba kama gunia la mahindi, Dolma akashika hatamu, na yule mzee akatembea kando yangu kushuka mlima, mkono wake umeshika mguu wangu. Nilikuwa naona vitambaa vyao vya sala vikipepea na kudhani ni kanga za bibi yako kwenye kamba. Nilimwita mama. Ama alikuwa akiitikia kila mara, kwa lugha yake.

Kufikia mchana tulikuwa chini, kwenye kijiji tulicholala siku ya pili. Nikakaa juani. Na kichwa, mwanangu, kikaanza kuachia. Hilo nalo lilinishtua, kwamba dawa ya ugonjwa ule wa hewa nyepesi uliokaribia kuniua ilikuwa kushuka tu, na njia ya kushuka ilikuwepo tangu jioni ya kwanza.

Ama alikaa mbele yangu. Hakuwa anacheka tena.

"Uliumwa tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

"Kwa nini ulisema sijambo?"

Nilimweleza yote, makande, Mama Oliva, na jumuiya. Nilimwambia sikutaka watu waseme nimeumwa baada ya kula chakula chake. Dolma alikuwa anatafsiri polepole, na mahali pengine alitafuta maneno. Ama alisikiliza huku akipangusa vumbi kwenye viatu vyangu, kisha akazifunga kamba zangu, moja baada ya nyingine, kama anayemfungia mtoto. Ndipo akasema.

Miaka kadhaa nyuma, mgeni mmoja kijana alilala kwake. Kila alipoulizwa, alisema hajambo. Alisifu chakula. Alikuwa na adabu sana. Asubuhi Ama alipompelekea chai, alikuwa amekwisha kufa.

"Walimshusha ndani ya blanketi langu," Dolma alitafsiri, na sauti yake ilikatika, kwa sababu na yeye alikuwepo. "Misimu miwili hakuna mgeni aliyelala nyumbani kwangu. Kijijini walisema moto wangu una kasoro. Wewe ulikuwa unalinda jina langu, mwanangu. Ungeniachia maiti ya pili, nami ningelilindaje jina hilo?"

Nilichokiogopa kwa miaka zaidi ya ishirini, kwamba mwanamke asiye na hatia anyooshewe kidole kwa ajili yangu, nilikuwa nakileta mwenyewe kwa mikono yangu, kimya kimya, huku natabasamu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nataka kukufikisha. Ukiumwa kwenye nyumba ya watu, sema. Sema mapema, na mtu wa kwanza kumwambia awe mama mwenye nyumba, mbele ya wengine wote, wewe mwenyewe ukitaja kwamba kichwa kilianza njiani au tumbo lilianza jana. Ugonjwa ukitajwa kwa mdomo wako hauachi nafasi ya watu wengine kuutungia mwanzo. Na wewe ndiye utakayewashusha wageni huo mteremko mkali. Mgeni akikuambia hajambo, usiridhike. Mtazame miguu. Mtazame anavyofunga kamba. Wapo watu kama mimi, ambao kwao kusema "naumwa" ni kama kuvuliwa nguo, na hao ndio watakaokufia wakikushukuru. Usimcheke. Mwambie wewe uliwahi kuwa na mama mdogo mjinga, umsimulie haya yote, kisha umuulize tena.

Halafu jisamehe ukikosea. Hili naliandika bila kuwa nimeliweza.

Mungu akujalie milango inayofunguka kabla hujabisha. Akupe wenyeji wenye macho makali na mikono ya kukushika. Akuondolee aibu ya kuwa mtu anayeumwa na kuchoka kama watu wote. Na siku utakapokuwa hujiwezi, popote utakapokuwa, awepo mama wa mtu atakayekuitikia.